Friji Linalopumua

Gari la matangazo lilipita Kituntu likipiga kelele kwamba Jumamosi umeme utakatwa tangu asubuhi hadi jioni, nguzo zinabadilishwa, wananchi mnaombwa radhi. Gideon alikuwa kibandani kwake njiapanda, ameinamia redio ya mteja, na mkono wake wenye chuma cha kulehemu ukabaki hewani. Wananchi wengine wangesamehe upesi, maana taa mchana ni za nini? Lakini Jumamosi ndiyo siku waliyopewa wakwe kutoka Nkwenda waje kumposa dada yake, Joyness. Na mama yao, Kantengwa, hakuwa mtu wa kushinda bila umeme.

Kantengwa alipumua kwa msaada wa mashine. Kifua kikuu alichougua zamani kilishapona, na hospitali ya Nyakahanga walimpima mara kadhaa wakamwambia hana hata chembe ya kuambukiza mtu. Lakini kilimwachia mapafu yaliyochakaa, na moshi wa jikoni ukamalizia kazi. Mashine ya oksijeni, ambayo watoto wake waliinunua ikiwa imeshatumika kwingine, ilikaa chumbani karibu na kitanda. Ilivuta hewa, ikaichuja, ikampelekea puani kwa mpira mwembamba. Akiutoa mpira ule aliweza kusimama, kusalimia watu na kusema maneno mawili matatu. Akizidisha hapo, midomo ilianza kuwa ya bluu.

Kwa hiyo Gideon alishukuru Mungu kwamba inveta yake, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nguzo, ilikuwa tayari. Mwanzoni alinunua ya dukani huko Kayanga, ya bei chee. Taa iliwaka vizuri na simu zikajaa, lakini mashine ya mama ilipochomekwa ilikoroma kama ng'ombe aliyekabwa, ikapata moto, ikapiga king'ora. Umeme wa inveta ile ulikuwa wa kurukaruka, ghafla juu, ghafla chini, na mota ya mashine ilitaka umeme unaopanda na kushuka kwa mawimbi laini kama ule wa nguzo. Ndipo akaamua kutengeneza yake. Alichukua transfoma ya kifaa kibovu cha kompyuta, akaifumua, akaisuka upya kwa waya mnene wa shaba mpaka vidole vikachubuka. Akapanga transista zake juu ya bati la alumini, akaunguza seti nzima, akapanga nyingine, nazo zikaungua. Seti ya tatu ilikubali. Akaiunganisha na betri mbili za lori, na umeme ukirudi, inveta ileile iligeuka kuwa chaja ikazijaza betri hizo. Siku mashine ya mama ilipozunguka kwa betri bila kukoroma, Gideon alitoka nje akalia nyuma ya nyumba, na wala hakuona haya.

*

"Watu wa Nkwenda wasijue," Kantengwa alisema jioni ile. Alikuwa amekaa kitandani, mpira puani, anachambua maharage kwenye ungo.

"Mama, si ugonjwa wa aibu."

"Wewe ndiye unayesema. Wale waliokuja kuposa kwanza walikunywa pombe yetu, wakacheka na sisi, wakaenda. Neno lililorudi ni lipi? Kwamba nyumba hii ina kifua. Joyness akakaa ndani mwezi mzima hataki hata kwenda kanisani. Hukuona?"

Gideon aliona. Alimtazama dada yake aliyekuwa amesimama mlangoni. "Edgar anajua?"

"Nilitaka kumwambia," Joyness alisema. "Mama akanikataza."

"Atamwambia akishaingia kwake," Kantengwa alikata shauri. "Mimi nitatoka nisalimie wageni bila mpira, halafu nitarudi chumbani. Nitasema miguu inaniuma. Mama mkwe kukaa chumbani si ajabu."

"Na mlio wa mashine? Inatoa pumzi ile, psshh, psshh. Sebuleni inasikika."

"Waambie ni friji."

"Hatuna friji, mama."

"Watajuaje? Watakuja kulifungua?"

Gideon alicheka bila kutaka. Kisha akakumbuka jambo ambalo halikuwa la kuchekesha. Inveta haikuweza kukaa chumbani, kwa sababu betri zikichajiwa hutoa hewa kali ya tindikali, na hewa hiyo kwa kifua cha mama ilikuwa sumu tupu. Ilikaa sebuleni kwenye kona, chini ya meza ndogo, na waya wake ukapita chini ya pazia hadi chumbani.

"Basi sikilizeni," alisema. "Mtaifunika kwa kitambaa cha meza, sawa. Lakini huku ubavuni pana feni. Hiyo ndiyo inayoipoza. Pasikae kitu hapo. Ikipata joto sana inajizima yenyewe, nimeiwekea swichi ya joto. Ikijizima haiwaki mpaka ipoe. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," alijibu Joyness.

"Maji hayatamwagika hapo," alisema mama. "Mimi si mtoto."

*

Jumamosi umeme ulikatika kama ilivyotangazwa. Kwa mara ya kwanza wananchi hawakudanganywa. Inveta ikapokea, mashine haikushtuka hata kidogo, na Gideon akapanda bodaboda kwenda kuazima viti kigangoni. Huko alimkuta mwenye funguo za stoo amekwenda shambani. Akamfuata shambani. Aliporudi na viti kwenye pikapu ya jirani, kola ya shati imelowa jasho, gari la wageni lilikuwa limeshaegeshwa kando ya migomba na wazee wanashuka wakinyoosha migongo.

Alivaa koti lake akiwa anakimbia. Alipoingia sebuleni alitazama kwanza kona ya inveta.

Sakafu nzima ilikuwa imetandikwa nyasi mbichi. Hakuna nyumba ya heshima upande huu inayopokea wakwe juu ya saruji tupu. Joyness na wanawake wa jirani walikwenda bondeni alfajiri, wakakata nyasi laini ndefu, wakazitandika kwa mpangilio, zikanukia vizuri sana. Kwenye kona ya meza ndogo wale jirani walizidisha, Joyness akiwa amekwenda kuvaa. Kitambaa cheupe kilishuka mpaka chini, na kuzunguka miguu ya meza walirundika nyasi zikafika karibu usawa wa goti, zimeshindiliwa, ili mgeni asione waya wala asisikie mvumo wa feni. Ilikuwa kazi nzuri, na kwa kweli feni haikusikika.

Gideon alitaka kurukia kona ile pale pale. Lakini mlangoni palishatokea fimbo, kisha kofia, kisha Mzee Desderius mwenyewe, baba yake Edgar. "Hodi, waitu!" aliita kwa heshima.

"Karibuni, waitu, karibuni ndani," aliitikia Mzee Kashaija, kaka mkubwa wa marehemu baba yao, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa familia siku hiyo. Akamshika Gideon mkono, akamkalisha kwenye kiti cha mwenye nyumba, mbali na kona.

*

Katika ukoo wao kijana anayekalia kiti cha baba hainuki kabla kibuyu cha wageni hakijapokelewa. Wageni huleta pombe yao ya ndizi, msemaji huizungusha kwa maneno, huikataa, huomba kubembelezwa, hatimaye huipokea, na hapo posa imekubaliwa. Mwenye kiti akisimama katikati, maana yake ni moja tu, kwamba nyumba imekataa. Gideon aliyajua hayo tangu utotoni. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja yangemfunga kwenye kiti kama kamba.

Kantengwa alitoka chumbani amejifunga kanga mpya, akasalimia wageni mmoja mmoja, akacheka, akasingizia miguu, akarudi ndani. Hakuna aliyetambua kitu. Gideon aliona tu jinsi alivyoshika fremu ya mlango wakati wa kupita, na akasikia mpira ukirudishwa puani. Psshh, psshh, ilisema mashine nyuma ya pazia.

"Ni nini hicho?" aliuliza shangazi yake Edgar, mama mnene mwenye macho makali aitwaye Kokuhirwa.

"Friji," alijibu Gideon.

"Umeme si umekatika?"

"Kijana wetu ni fundi," Kashaija alidakia kwa majivuno. "Ametengeneza umeme wake mwenyewe. Hapa hatukatikiwi."

Wageni walitikisa vichwa kwa kuridhika. Zililetwa kahawa za kutafuna kwenye sinia, zikaletwa soda. Kokuhirwa aliishika chupa yake, akaigeuza, akaiweka shavuni.

"Mbona ya moto?"

Joyness alikuwa chumba cha pili akisubiri kuitwa, na Gideon alihisi kabisa kwamba huko alikuwa ameziba uso.

"Friji limejaa nyama," Gideon alisema. "Ya sherehe."

"Hee," Kokuhirwa alisema. "Basi hilo friji linapumua kuliko mimi."

Watu wakacheka. Edgar, kijana mwembamba aliyekaa katikati ya wazee wake akiwa amevaa suti iliyonyooshwa hadi ikasimama, alicheka pia, kisha akajirudi, kwa kuwa mposaji hasemi wala hajichanganyi siku hiyo. Gideon alicheka kwa meno tu. Pua yake ilikuwa imeanza kufanya kazi nyingine. Chini ya harufu ya nyasi na ya pombe ilipita harufu nyembamba, tamu kidogo, ya vanishi ya waya wa shaba inapoanza kuchemka. Aliijua vizuri, maana ndiyo iliyotangulia kuungua kwa seti mbili za kwanza.

Alisogeza kiti kidogo. Akakisogeza tena. Kashaija alikuwa amesimama, amekishika kibuyu kwa mikono miwili, anaimba sifa za ukoo tangu walipotoka ng'ambo ya mto.

"Baba mkubwa," Gideon alinong'ona, "pokea tu."

Kashaija alimtazama kwa jicho la pembeni. Miaka mingi alikuwa akisubiri siku ya kuzungumza mbele ya watu namna hii, na hakuwa tayari kuipunguza kwa ajili ya kijana mwenye haraka. "Ndugu zangu wa Nkwenda," aliendelea, "mmesema mmeona ua. Je, mmeliona kwa jicho la kushoto au la kulia?"

Gideon alinyoosha mguu kadiri alivyoweza. Ncha ya kiatu ikafika kwenye rundo la nyasi. Akaanza kuchokoa polepole, uso mbele, kama mtu anayesikiliza. Fungu moja likaanguka. Joto lilimpiga kifundoni kama mtu aliyefunua chungu jikoni.

"Mwanangu, unafukua nini huko?" Kokuhirwa aliuliza.

"Siafu, shangazi."

Wageni wote waliinua miguu kwa pamoja. Mzee Desderius alikunja suruali hadi kwenye mashavu ya miguu, akakagua soksi. Ikachukua muda kuwatuliza, na Kashaija, aliyekatishwa katikati ya ua, alikasirika akaanza sifa za ukoo upya. Mungu wangu, Gideon aliwaza, yaani anaanza upya. Alihesabu kichwani: akiinuka sasa, atatoa nyasi, feni itavuta hewa, mama hatakosa hata pumzi moja. Lakini kibuyu kingerudi Nkwenda, na Joyness angejifungia tena ndani. Akisubiri kidogo tu, pengine mzee atamaliza. Basi akasubiri. Alisubiri kwa sababu alimpenda dada yake, na alikuwa anakosea, na alijua kwamba anakosea.

Mlio wa psshh ulikoma.

Kisha king'ora cha mashine, chenye betri yake ndogo, kikalia chumbani, kirefu, kikali, bila kupumzika.

"Friji linalia," alisema Desderius akishangaa.

Gideon alishika mikono ya kiti. Nyuma ya pazia ikasikika sauti ya mama, nyembamba, ikitafuta hewa kati ya neno na neno. "Gideon... kaa... chini."

Akasimama.

Kashaija aliganda na kibuyu mikononi. Wageni wakatazamana. "Amesimama," alisema Desderius polepole. "Jamani, mwenye kiti amesimama."

*

Gideon hakumjibu mtu. Alipiga magoti konani, akavuta kitambaa cha meza na soda zilizokuwa juu yake, akazitupa nyasi nyuma yake kwa mikono yote miwili, zikawaangukia wazee mapajani. Inveta ikaonekana mbele ya wakwe jinsi ilivyo, boksi la bati la kuezekea, nyaya nyekundu na nyeusi, betri mbili za lori zenye grisi. Mabua yalikuwa yamevutwa ndani ya feni yakajisokota kwenye ekseli. Aliyang'oa. Akaisukuma feni kwa kidole, haikuzunguka. Mota yake ndogo ilikuwa imeshaungua. Transfoma haikushikika kwa joto.

Joyness alitoka bila kuitwa, akakimbilia chumbani. "Mama! Mama, kaa wima, niegemee!" Kokuhirwa alimfuata, akafunua pazia, akaingia. Kwa muda hapakusikika kitu ila king'ora. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ni kifua," aliwaambia watu wake.

"Kilipona, shangazi," Gideon alisema bila kuinua kichwa. Alikuwa anafungua skrubu za mfuniko kwa ukucha na kisu cha matunda. "Kilipona zamani. Mapafu tu ndiyo yamechoka. Hakiambukizi, naapa kwa Mungu."

"Friji!" alisema Kokuhirwa. "Mmetuambia friji!" Akapita katikati ya nyasi, akaenda mlangoni penye ndoo ya maji ya kunawia wageni, akachukua sabuni, akanawa mikono mpaka viwikoni. Alinawa pale pale mbele ya macho ya watu wote, akarudia, kisha akatoka nje. Kashaija alimtazama mpaka mwisho, halafu akakaa chini taratibu. Uzee wote ulimrudia kwa mara moja.

Desderius alisimama. Hakuwa mtu mbaya, na maneno yalimtoka kwa shida. "Mzee mwenzangu, ugonjwa ni wa Mungu. Mngetuambia, tungekuja na akili nyingine. Lakini kudanganywa mbele ya ndugu zangu... Na kijana wako amesimama." Akanyoosha mkono, akakichukua kibuyu kutoka mapajani mwa Kashaija. "Twendeni."

Gideon aliyasikia yote kama yanasemwa nyumba ya jirani. Mfuniko ulikuwa umetoka. Swichi ya joto haingekubali kabla chuma hakijapoa, na kingepoaje peke yake? Alipuliza kwa mdomo. Akavua koti, akalipunga, mkono wa koti ukanasa kwenye nyaya. Chumbani mama alikuwa anavuta pumzi kwa sauti ya msumeno butu, na Joyness anahesabu naye, vuta, toa, vuta, toa, huku analia.

"Inapepewa wapi?"

Edgar alikuwa amepiga magoti kando yake. Gideon alimtazama bila kuelewa.

"Wapi, shemeji? Hapa juu au ubavuni?"

"Hapo. Kwenye bati lenye meno. Nguvu, usiache."

Edgar alichukua sinia, akamwaga kahawa zote nyasini, akaanza kupepea kwa mikono miwili. Upepo ukapita juu ya bati. Gideon alibandika kiganja kwenye transfoma, akakitoa, akakibandika tena. Bado. Bado. King'ora kilikuwa kimeanza kudhoofika, na hilo lilimwogopesha kuliko kelele zake.

"Edgar," alisema Desderius mlangoni. "Hukunisikia?"

"Nimekusikia, baba."

"Basi inuka."

Edgar aliendelea kupepea. Swichi ya joto ikalia tiki. Gideon akawasha, roho mkononi, na inveta ikavuma, ikapanda, ikatulia. Chumbani mashine ilitikisika, ikanyamaza king'ora chake, ikasema psshh. Ikasema tena. Joyness akaacha kuhesabu.

Gideon alikaa kwenye nyasi, akaijaribu feni tena kwa kidole. "Haijaisha," alisema. "Feni imekufa. Bila upepo itajizima tena sasa hivi, na umeme mpaka jioni. Kibandani nina feni nyingine, lakini hii haiwezi kuachwa hata kidogo."

"Nenda," alisema Edgar. "Mimi nipo."

Nje injini iliwashwa. Sebuleni hapakubaki mgeni mwingine. Honi ikapigwa, ikanyamaza kidogo, ikapigwa tena kwa muda mrefu, na kila mtu mle ndani alijua inamwita nani. Edgar alifumba macho honi ilipokuwa ikilia, lakini sinia halikusimama. Gari likasogea, likasimama barabarani kama linafikiri, kisha likaondoka kuelekea Nkwenda.

Sauti ya Kantengwa ikatoka nyuma ya pazia, imechoka. "Gideon. Ni nani huyo anayepepea?"

"Ni Edgar, mama."

Mashine ilipumua, ikapumua tena.

"Na suti yake?"

"Amevaa."

"Mwambie avue koti," alisema Kantengwa. "Joyness, nenda ukalipokee. Litaharibika."